Sufi na Msufi: Mwongozo wa Kuvuna, Kuchambua na Kujazia Mito na Magodoro

Sufi ni nyuzi laini za rangi ya maziwa zinazojaa ndani ya matunda ya msufi, mti mkubwa ambao wataalamu wa mimea huuita Ceiba pentandra na kuuweka katika ukoo mmoja na mpamba, mbuyu na mbamia. Kwa miaka mingi nyuzi hizi ndizo zilizojazwa katika mito na magodoro ya nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, kabla sponji ya kiwandani haijaenea madukani na kulifanya godoro la sufi lihesabiwe kuwa mali ya wazee. Mwongozo huu umekusudiwa kwa msomaji mwenye msufi karibu na kwake, au anayeweza kuipata sufi sokoni, na anayetaka kutengeneza kitu kitakachodumu. Hoja yake kuu ni kwamba ubora wa mto wa sufi huamuliwa chini ya mti na juu ya jamvi la kuanikia, kabla sindano haijagusa kitambaa, na kwamba malalamiko mengi kuhusu sufi, kama vile mto kugeuka mabonge, kunuka uvundo au kumpigisha mlalaji chafya usiku kucha, hutokana na sufi iliyovunwa kwa pupa na kusafishwa nusunusu.

Inafaa kwanza kuelewa umbile la unyuzi wenyewe, kwa sababu kanuni zote zinazofuata zinatoka humo. Kila unyuzi wa sufi ni seli moja, yaani chembe moja ya mmea iliyorefuka hadi kufikia milimita 10 mpaka 35 na kisha kukauka ikabaki tupu, ukuta wake ukiwa mwembamba mno na takribani asilimia 80 ya ujazo wake ikiwa ni hewa. Juu ya ukuta huo pana utando wa nta. Kwa sababu ya hewa hiyo sufi ni nyepesi kuliko pamba kwa mbali, huhifadhi joto, na huelea. Kwa sababu ya nta hiyo maji na jasho haviingii ndani ya unyuzi kwa urahisi, lakini mafuta hunaswa nayo mara moja, na ndiyo maana watafiti wameichunguza sufi kama kifaa cha kufyonzea mafuta yaliyomwagika baharini. Upande wa pili wa sifa hizo ni udhaifu ambao mtengenezaji hana budi kuukubali. Unyuzi wenye nta huteleza, hivyo sufi haisokoteki kuwa uzi isipochanganywa na pamba. Ukuta mwembamba huvunjika ukikandamizwa sana, na unyuzi uliokwisha kuvunjika haurudi kuvimba tena. Tena hewa, nta na wembamba vikikutana na cheche, sufi hushika moto na kuteketea kwa kasi ya kutisha.

Jambo jingine linaloitofautisha sufi na pamba ni mahali nyuzi zinapoota. Nyuzi za pamba huota juu ya mbegu na kushikana nayo, ndiyo maana pamba huhitaji mashine ya kuichambua. Nyuzi za sufi huota kwenye ukuta wa ndani wa tunda, nazo mbegu, ambazo huwa 120 hadi 175 katika tunda moja, zimelala tu katikati ya nyuzi bila kushikamana nazo. Tofauti hii ni neema kubwa kwa mtu asiye na kiwanda, kwa maana inamwezesha kuichambua sufi nyumbani kwa fimbo na kikapu.

Asili ya msufi ni nchi za joto za Amerika pamoja na Afrika Magharibi, na kutoka huko ulisambaa hadi Asia ya Kusini-Mashariki, ambako kisiwa cha Java kilikuja kuwa chimbuko la sufi nyingi iliyouzwa duniani. Nchini Guatemala ndio mti wa taifa, na mjini Freetown, Sierra Leone, msufi mkongwe uliokuwa nembo ya jiji ulisimama hadi tarehe 24 Mei 2023 ulipoangushwa na dhoruba. Katika Tanganyika ya utawala wa Wajerumani misufi ilipandwa mashambani pamoja na mkonge na mpira, na hadi leo Tanzania ina vitongoji vinavyoitwa Msufini, jina linaloonyesha jinsi mti mmoja mrefu ulivyotosha kuwaelekeza watu.

Si kila msufi unafaa kuvunwa. Ile ya mwituni hurefuka kupita kiasi, katika misitu ya mvua hata kufikia mita 60, shina lake huwa na miiba minene, na kwenye kitako hutoa kuta bapa za mizizi zinazoushikilia mti usianguke. Ile iliyochaguliwa na wakulima huwa mifupi zaidi, matawi yake yametandazika kwa ngazi, mara nyingi haina miiba, na, jambo lililo muhimu kuliko yote, matunda yake hayapasuki yakiwa bado mtini. Msomaji auchunguze mti wake katika msimu mmoja kabla ya kuutegemea, kwa kuwa msufi ambao matunda yake hupasuka juu huipeperusha sufi yake na kuitawanya kijiji kizima, na kinachoambuliwa ni mabaki yaliyonyeshewa na kuingia vumbi. Pia asiuchanganye na msufi pori, jamaa yake wa misitu ya Afrika Mashariki, ambao nyuzi zake zina rangi ya kahawia. Nyuzi hizo nazo hujazwa mitoni, ila zisichanganywe na sufi nyeupe inayokusudiwa kuuzwa, kwa sababu mnunuzi akiiona rangi hiyo hudhani kwamba sufi imeoza.

Msufi hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchanua ukiwa mtupu. Maua yake hufunguka usiku na huchavushwa hasa na popo wanaokuja kunywa mbochi wake, kwa hiyo anayewafukuza popo msufini huyafukuza matunda yake mwenyewe. Tunda lililokomaa lina urefu wa sentimita 10 hadi 25. Dalili ya kuwa tayari ni ganda kuacha rangi ya kijani na kuwa kahawia, huku likianza kusinyaa na kutoa sauti kavu likigongwa kwa ukucha. Tunda la kijani lina nyuzi changa, zenye ukuta dhaifu na unyevu mwingi, ambazo zikianikwa hushikana na kubaki bapa maisha yake yote, hata zikipigwa vipi. Na hili ndilo kosa la kwanza la wavunaji wenye haraka. Kosa la pili ni kungoja matunda yaanguke yenyewe na kuyaokota. Tunda lililolala ardhini hata kwa usiku mmoja wa umande hufyonza unyevu kupitia nyufa za ganda, kuvu huingia, na sufi yake hupata madoa ya kijivu na harufu isiyotoka. Ikiwa ni lazima yaokotwe, yaokotwe kila siku na kuwekwa rundo la pekee, yatumike kwa mito ya kukalia, wala yasitumike kwa mito ya kulalia.

Kuvuna hufanywa kwa upembo, yaani mti mrefu wenye ncha iliyopinda ya kunasia kikonyo cha tunda, huku chini pametandazwa turubai. Matawi ya msufi yana mbao laini na huvunjika bila kutoa onyo, kwa hiyo hata mkwezi hodari wa minazi asiyaamini. Ni afadhali matunda ya juu kabisa yaachwe kuliko mtu kuvunjika mgongo kwa ajili ya mto mmoja. Msufi uliokomaa na unaozaa vizuri hutoa matunda 330 hadi 400 kwa mwaka, ambayo huleta sufi safi ya kilo 15 hadi 18, ingawa miti mingi isiyotunzwa huzaa chini ya hapo.

Baada ya kuvunwa, matunda huanikwa juani yakiwa mazima kwa siku kadhaa hadi ganda liwe kavu kabisa na kuanza kuachana kwenye mishono yake mitano. Kisha hupasuliwa kwa kugongwa na kipande cha mti, ganda hutupwa upande mmoja, kikonyo kigumu cha katikati huchomolewa kwa mkono, na mafungu ya nyuzi pamoja na mbegu zake hukusanywa. Wakati huo sufi bado imekaa vipandevipande vilivyobanana, na hapa ndipo kazi inapohitaji uvumilivu: vipande hivyo virudishwe juani, vitandazwe kwa unene usiozidi kiganja kimoja juu ya jamvi au turubai safi, na vifunikwe kwa chandarua kilichogandamizwa pembeni kwa mawe, kwa sababu kadiri sufi inavyokauka ndivyo inavyovimba, na upepo mdogo tu hutosha kuiondoa yote. Huko Java mafundi walitengeneza vizimba vya wavu kwa kazi hii hii. Sufi igeuzwe mara mbili au tatu kwa siku na kuingizwa ndani kabla ya jua kuchwa. Huwa tayari inapofumuka yenyewe mara mkono unapoiachia, na mbegu zinapoanza kudondoka bila kuguswa.

Kutenganisha mbegu hufanywa kwa kupekecha. Kifaa chake ni fimbo nyofu ya urefu wa mita moja hivi, ambayo upande wake wa chini hutobolewa na kupitishwa vijiti viwili au vitatu vilivyopishana msalaba; fimbo hiyo hutumbukizwa ndani ya tenga au pipa lenye kitako cha matundu, sufi ikiwa imejazwa hadi nusu tu, na huzungushwa kwa viganja viwili kwenda na kurudi, hadi nyuzi zinapanda juu zikiwa zimeachana na mbegu kuangukia chini. Nusu ya chombo ni kipimo cha kuheshimiwa, kwa kuwa sufi iliyoshindiliwa haina nafasi ya kufumuka, na fimbo huishia kuivunja badala ya kuichambua. Baada ya duru ya kwanza sufi ya juu hutolewa, huchunguzwa kwa mkono dhidi ya mwanga, na yenye mbegu hurudishwa. Mbegu iliyobaki mtoni ina mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayowaita panya na wadudu ambao sufi tupu isingewavutia. Mwenye mto ulioliwa na panya kwa kawaida anavuna uzembe wa siku hii ya kupekecha.

Kazi hii yote ina hatari mbili zisizopaswa kupuuzwa. Vipande vidogo vya nyuzi huruka hewani, huwasha macho, na vikivutwa kwa muda mrefu huyadhuru mapafu, kwa hiyo mpekechaji avae barakoa au afunge kitambaa kizito puani na mdomoni, akae upande upepo unakotoka, na mwenye pumu asishiriki kabisa. Hatari ya pili ni moto. Sufi isichambuliwe karibu na jiko la mkaa, kibatari, wala mvutaji wa sigara, na isihifadhiwe kwenye chumba cha kupikia. Ndoo ya mchanga au ya maji iwe karibu, na watoto waelezwe kwamba sufi si kitu cha kuchezea na kiberiti. Kwa sababu hiyo hiyo mto wa sufi haufai karibu na mshumaa wala chini ya pasi.

Anayenunua sufi iliyokwisha kuchambuliwa anaweza kuipima kwa njia rahisi. Achukue konzi moja na kuitupa juu ya maji kwenye beseni, aibonyeze mara kadhaa, kisha aiache: sufi halisi itabaki inaelea, ilhali pamba au nguo kuukuu zilizosagwa na kuchanganywa nayo zitalowa na kuzama. Achukue konzi nyingine kavu, aifinye kwa nguvu kiasi na kuiachia. Ikirudi kuvimba ni nzima, ikibaki bapa imevunwa changa au imefungwa kwa kushindiliwa mno kwenye magunia. Rangi nayo isipuuzwe, maana sufi nzuri ina mng'ao wa hariri na umanjano mwepesi, na weupe uliofifia kuwa kijivu ni alama ya unyevu.

Katika kushona, kitambaa ndicho cha kuangaliwa zaidi. Nyuzi za sufi ni nyembamba na telezi, na hupenya katika kitambaa chochote kilichofumwa kwa ulegevu, kwa hiyo kanga na shuka nyepesi hazifai kuwa mfuko wa ndani. Kinachofaa ni drili au kitambaa cha marekani kizito, ambacho kikiinuliwa kwenye mwanga hakionyeshi vitundu. Kitambaa kifuliwe kwanza ili kirudi kabla ya kushonwa, na upande wake wa ndani unaweza kusuguliwa kwa nta ya nyuki au kipande cha sabuni kavu ili kuziba nafasi kati ya nyuzi. Mishono ipigwe cherehani mara mbili, kwa hatua fupi, na pindo ligeuzwe ndani. Kwa mto wa sentimita 50 kwa 70 hutosha sufi ya kati ya gramu 600 na kilo moja, kutegemea kama mlalaji anapenda mto laini au uliojaa. Sufi iingizwe kwa mafungu madogo yaliyofumuliwa kwa vidole, kwa kuanzia pembe nne, kisha pande, na katikati mwisho. Mtu anayejaza katikati kwanza hupata mto wenye nundu na pembe tupu. Mto ujazwe zaidi kidogo ya unavyotakiwa, kwani baada ya wiki chache za kulaliwa utashuka. Mdomo wa kujazia ushonwe kwa mkono kwa uzi unaoonekana, ili siku ya kuufumua usiharibu kitambaa.

Godoro ni kazi kubwa zaidi na inapaswa kuamuliwa kwa fikra. Godoro la mtu mmoja lenye unene wa sentimita 12 humeza takribani kilo 10 za sufi, yaani zaidi ya nusu ya mazao ya mti mzuri wa mwaka mzima, na kwa sababu sufi huteleza, husogea kutoka mahali panapolemewa na kukimbilia pembeni. Dawa yake ni kulikaza kwa vifundo: uzi wa mkonge au wa pamba uliosokotwa mara nne hupitishwa juu hadi chini kwa shazia, ambayo ni sindano kubwa ya kushonea magunia, hurudishwa juu umbali wa ukucha mmoja kutoka ulipoingilia, na hufungwa juu ya kipande kidogo cha kitambaa ili usikate mfuko, vifundo hivyo viachane kwa sentimita 25 au 30 na vipangwe kwa kupishana. Hata likikazwa vizuri, godoro la sufi litahitaji kupigwapigwa kila wiki, kugeuzwa, na baada ya miaka michache kufumuliwa na kuongezewa. Kwa haki ya mambo, makao bora ya sufi ni mto, ambao uzito wa kichwa hauuvunji, wala haudai kilo nyingi. Godoro la sufi linafaa zaidi kama tandiko jembamba la juu, au kwa mtu aliye tayari kulihudumia, hasa juu ya kitanda cha kamba kinachoruhusu hewa kupita chini yake.

Utunzaji wa sufi ni jua, wala si maji. Unyuzi wenyewe haufyonzi maji, lakini maji hukaa katikati ya nyuzi, hutoka polepole, na wakati huo vumbi na jasho hugeuka uvundo huku nyuzi zikishikana mabonge. Kwa hiyo foronya na mfuko wa nje vifuliwe, na mto wenyewe uanikwe juani kutwa moja kila baada ya wiki mbili au tatu, ukigeuzwa na kupigwa kwa kiganja. Ukilowa kwa bahati mbaya, ufumuliwe, sufi itandazwe chini ya chandarua kama siku ya kwanza, na irudishwe ikiwa kavu kabisa.

Sifa ya kuelea iliifanya sufi kuwa kijazio kikuu cha majaketi ya kuokolea maisha baharini, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilikosa sufi kiasi cha kuwatuma watoto wakakusanye nyuzi za gugu la mashambani ili kuziba pengo. Historia hiyo isimshawishi mvuvi au mzazi kujishonea jaketi la sufi. Nyuzi zilizokaliwa huvunjika na kupoteza hewa yake, petroli na mafuta ya injini huzilowesha, na jaketi linaloonekana nene linaweza kumwangusha mtu saa anayolihitaji; chomboni livaliwe jaketi lililothibitishwa kwa kazi hiyo.

Mbegu na maganda yaliyobaki yasitupwe. Mbegu zikikamuliwa hutoa mafuta yafaayo kwa sabuni, na majivu ya maganda yana magadi yanayotumika katika sabuni hiyo hiyo. Mafuta hayo yasipikiwe chakula nyumbani, kwa kuwa yana asidi za kundi linalopatikana pia katika mafuta ghafi ya mbegu za pamba. Mashudu yake huweza kuchanganywa kidogo katika chakula cha ng'ombe, ila kuku wa mayai wasipewe, maana asidi hizo huugeuza ute wa yai lililohifadhiwa kuwa na rangi ya waridi.

Anayekusudia kupanda achague mahali penye joto, kwa maana usiku ulio chini ya nyuzi joto 20 huzuia uchavushaji kukamilika, na ndiyo sababu msufi wa nyanda za juu hustawi kwa majani na kuzaa kidogo. Mti uwe mbali na nyumba na nyaya za umeme, kwa ajili ya yale matawi yanayovunjika, na mbali pia na shamba la pamba, kwa kuwa kangambili, wadudu wekundu wanaochafua pamba, huzaliana kwenye matunda ya msufi na kuhamia shambani. Miche huachana kwa mita 7 hadi 10, na huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa nane. Misufi mingi mikongwe inakatwa ili kupisha majengo, na pamoja nayo hupotea ile iliyochaguliwa na wakulima kwa kutopasuka matunda. Mwenye shoka anaombwa, kabla ya kuangusha msufi wa namna hiyo, akate kwanza vipande vya matawi yaliyosimama wima, vyenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita moja na nusu, avichimbie mwanzoni mwa masika, na kumgawia jirani.